Uchovu wetu nao ni kihatarishi
Alfajiri ya juzi, nikimalizia zamu ya usiku katika wodi ya wazazi ya hospitali moja hapa Mbeya, nilisoma kipimo cha dawa mara tatu bila kukielewa, na mwenzangu ndiye aliyenishika mkono kabla sijavuta kiasi kisicho sahihi kwenye bomba la sindano. Mama yule yuko salama, namshukuru Mungu. Rejista yetu ya vihatarishi, yaani orodha ya mambo yanayoweza kuleta madhara hospitalini, ina moto, wizi wa dawa na kukatika kwa umeme, lakini uchovu wa watumishi haumo, ingawa tangu mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani limeueleza uchovu uliokithiri kazini kuwa hali itokanayo na msongo wa kazi wa muda mrefu usiodhibitiwa vizuri. Nimemwandikia muuguzi mfawidhi nikiomba uingizwe, na kosa lililozuiwa kabla ya kumfikia mgonjwa liripotiwe bila mtumishi kuadhibiwa.