Lenzi ya Milimita 50 na Vumbi la Dodoma

Kwa mwaka mzima nilitumia lenzi iliyokuja na kamera, ile ya milimita 18 hadi 55, na sikuona upungufu wake hadi jioni moja nilipotaka kumpiga picha shangazi akichambua zabibu barazani, mwanga ukiwa umekwisha kufifia. Picha zote zilitikisika. Ndipo nikanunua lenzi ya milimita 50 yenye tundu la kupitishia mwanga la f/1.8 (namba ikipungua, tundu hupanuka), linalopitisha mwanga takribani mara kumi zaidi ya f/5.6 ya lenzi ile ya kwanza ikivutwa hadi milimita 55. Hata hivyo, kwenye kamera yenye kihisi kidogo kama yangu, yaani kile kipande cha ndani kinachopokea picha, lenzi hiyo huona kama ya milimita 75, hivyo inafaa sura ya mtu lakini inabana mno chumbani. Nilipokwenda Kolo kutazama michoro ya miambani ya Kondoa, iliyoingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2006, niliirudia ile ya zamani kwa ajili ya upana wake.

Kwa video, kichujio cha kupunguza mwanga kilinifaa kuliko lenzi ya tatu, kwa kuwa fremu 25 kwa sekunde hutaka shata, yaani muda wa kupokea mwanga, ya 1/50 ya sekunde, na kwa jua letu la saa saba picha huungua kwa mwanga kwa kasi hiyo tundu likiwa wazi. Maikrofoni nimeivika kofia ya manyoya kwa sababu ya upepo. Lenzi sibadilishi nje wakati wa kiangazi, na vumbi nalipuliza kwa kipulizio cha mpira, kamwe si kwa mdomo, maana mate huacha madoa.