Dar mpaka Njombe na watoto watatu: tulivyoikata barabara vipande

Likizo ya mwezi wa sita tulienda Njombe kwa wazazi wa mume wangu, na mara hii tukasema hakuna basi, tunaenda na gari letu. Mkubwa ana miaka sita, wa kati minne, na mdogo ndo kwanza mwaka na nusu, yaani bado ananyonya na bado anavaa pampasi. Dar mpaka Njombe ni kilomita 700 na ushee. Watu wazima wanaitoboa kwa siku moja, wanatoka alfajiri wanafika usiku wamechoka hoi, na ndugu wengi walitushauri tufanye hivo hivo ili "muwahi kupumzika". Mi nilikataa. Mtoto wa miaka minne hawezi kukaa kwenye kiti masaa 14, hata umpe nini, na dereva ambaye nyuma yake wanalia watatu kwa zamu sio dereva mzima. Kwa hiyo tukaikata barabara: tulale Mikumi, tulale Iringa, alafu ndo Njombe.

Kabla ya yote gari lilienda kwa fundi, akaangalia breki, matairi na spea tairi, rejeta, mikanda yote. Na hapa naomba niseme kitu kinachoniuma sana. Jamani watoto wafungwe mkanda. Bado naona watu wanampakata mtoto siti ya mbele, mama amemshika kifuani, anaamini mikono yake itamzuia. Haizuii, gari likifunga breki ghafla wewe mwenyewe hujishiki. Viti vya watoto vya gari vya mitumba vipo mjini, kagua tu kamba na vifungo vyake viwe vizima na muuzaji akuhakikishie hakijapata ajali, na kama bado huna, angalau mtoto akae nyuma na mkanda umshike. Wetu walikaa nyuma wote watatu kila mmoja na kiti chake na hilo halikuwa na mjadala hata kwa mtu wa kulia.

Tulitoka saa kumi na moja alfajiri, watoto tumewabeba wamelala na mashuka yao. Sababu ni ile foleni, ukichelewa Kimara hata kama njia imepanuliwa mpaka Kibaha bado utakutana na malori huko mbele, Mlandizi na kuendelea. Wao waliamka Chalinze kumekucha, tukanywa chai yetu kwenye chupa na maandazi na mayai ya kuchemsha niliyobeba, wakakimbia kimbia pale sheli kidogo, tukaendelea. Mfuko wa chakula usikose kabisa, sio kwa ajili ya kubana hela tu, ni kwamba tumbo la mtoto njiani linataka vitu linavyovijua. Ndizi mbivu, viazi vitamu vya kuchemsha, chapati, maji mengi. Ukianza kuwapa kila kinachopitishwa dirishani utakuja kukipata baadae.

Wa kati anatapika kwenye gari. Huyu nikwambie ukweli ndo aliyepanga ratiba yetu nzima. Zamani ungebeba mfuko wa nailoni, lakini tangu tarehe 1 Juni 2019 mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku nchini, na ile mbadala ya kitambaa haizuii kitu, kwa hiyo mi nabeba ndoo ndogo ya lita tano yenye mfuniko wa kukaza. Chini yake naweka maji kidogo na sabuni, inakaa miguuni kwake, akisema "mama tumbo" mkubwa anaifungua mwenyewe anamshikia, tukisimama inamwagwa pembeni mbali na watu inasuuzwa. Nguo za kubadilisha ziko juu, sio chini ya begi. Na simu hapewi kwenye kona hata aombe vipi, kichwa kikiinama kuangalia katuni huku gari linazunguka ndo anaharibikiwa kabisa. Dirisha wazi kidogo, anaangalia mbele, mkubwa anamtajia rangi za malori. Hiyo inasaidia kuliko dawa zote nilizowahi kuambiwa.

Kila baada ya saa moja na nusu hivi tulisimama, kuchimba dawa na kunyoosha miguu, hata kama hakuna aliyesema anahisi. Ukisubiri waseme, watasema sehemu ambayo hakuna pa kuegesha. Poti ya mdogo ilikuwa buti la nyuma juu kabisa.

Morogoro tulipita tu, tukaiangalia Uluguru ikiwa na mawingu juu, tukala mchana mapema na kuendelea. Saa nane hivi tuko Mikumi na hapo ndo watoto walinilipa fadhila zangu zote. Kwa asiyepita njia hiyo, barabara kuu inakatiza katikati ya hifadhi kama kilomita 50, lami kabisa, mabasi na malori ya Zambia na Kongo yanapita humo humo na wanyama, na ukipita tu njiani hulipi kitu. Kuna matuta, kuna vibao vya mwendo, na kuna lile bango kubwa lenye picha za wanyama na faini ya kila mmoja ukimgonga. Mkubwa ndo ameanza kusoma darasa la kwanza, alitaka tusimame amalizie kulisoma lote, baba yake akapunguza mwendo akamsomea yeye. Swali lake lilikuwa kwa nini tembo ana bei kubwa kuliko nyani wakati wote wana mama. Tukakosa jibu la haraka, tukaongea hilo mpaka tulipoona twiga.

Twiga walikuwa upande wa kulia karibu na barabara, wanakula, wala hawana habari na magari. Pundamilia wengi, swala wengi sana, na tembo mmoja na mtoto wake mbali kidogo. Wa kati alinyamaza kimya. Huyu mtoto ni wa kuongea muda wote, lakini alikaa na mikono miwili kwenye kioo, pumzi yake imeweka ukungu pale, anaufuta na kiwiko, anaangalia tena. Kwa hiyo hapo hata ukiwa na haraka zako nakuomba upite mchana na upite polepole, usiku huoni kitu na unaweza kuua mnyama au kujiua. Na nyani msiwatupie ndizi! Nimeona gari mbele yetu wanarusha na watoto wao wanacheka, nikasikitika, nyani akizoea chakula cha dirishani anakaa barabarani, na anayekaa barabarani anagongwa.

Tulilala Mikumi mjini, sehemu ya kawaida tu yenye neti na maji ya moto, watoto wakacheza kwenye nyasi mpaka giza. Asubuhi yake tungeweza kuingia ndani ya hifadhi kabisa kwenye bwawa la viboko ila tukasema tuwaache, ya jana yanawatosha, tutaingia wakikua kidogo.

Kutoka Mikumi mnashuka kwenye joto. Mbuyuni ni mibuyu mitupu, Mto Ruaha Mkuu unakwenda sambamba na barabara, vitunguu vimepangwa kwenye nyavu pande zote. Tulinunua wakati wa kurudi sio wa kwenda, maana harufu ya vitunguu na mtoto anayetapika haviendi pamoja. Alafu ndo Kitonga.

Kitonga naiheshimu. Ni mlima wa kona juu ya kona, upande mmoja ukuta wa mawe upande mwingine bonde, na malori yenye mizigo ya bandarini yanapanda kwa kasi ya mtu anayetembea. Tulipanga tuwe pale asubuhi wakati dereva ana akili mpya na watoto wameshiba ila chakula kimeshashuka. Mume wangu hakulipita lori hata moja kwenye kona, tulikaa nyuma ya tenki la mafuta mlima mzima, waliokuwa nyuma yetu wakapiga honi wakachoka. Katikati tukakuta matawi ya miti yamelazwa barabarani, moja, jingine, jingine, mkubwa akauliza nani amemwaga majani, tukamwambia mbele kuna gari limeharibika, wenyewe wameweka ili wewe unayekuja ujue upunguze. Kweli, kona inayofuata lori limepaki, utingo yuko chini ya uvungu. Tangu hapo mtoto yule akawa mlinzi wetu, kila jani likidondoka barabarani "baba punguza!"

Ukishamaliza kupanda, hewa inabadilika palepale. Ilula nyanya zimejaa kwenye matenga, watoto wanataka masweta. Na huko vijijini kote kibao cha 50 kikisema 50 ni 50, trafiki na tochi zao wapo, faini ni 30,000, lakini mi hata tochi isingekuwepo ningesema hivo hivo, ile ni mitaa ya watu na watoto wao wanavuka kwenda shule na kuchota maji, wana umri wa hawa wangu.

Iringa tulikaa zaidi ya kulala na sijutii. Tulienda Isimila, kama kilomita 20 kutoka mjini njia ya Mbeya, penye zana za mawe za watu wa kale zinazokadiriwa kuwa na zaidi ya miaka 200,000. Nilidhani wangechoka haraka. Mwongoza wageni alimpa mkubwa ashike shoka moja la mawe, limechongwa pande zote mbili mpaka likatoa ncha, linajaa kiganja cha mtu mzima, kwake yeye ilibidi alishike kwa mikono miwili. Akaulizwa unadhani walikatia nini, akasema nyama. Akaambiwa ndiyo. Jamani alivyofurahi kupatia! Baadae mnashuka korongoni kwenye nguzo ndefu za udongo zilizochongwa na mvua na upepo, mle jua likishapanda ni kali, nendeni asubuhi na mdogo awe mgongoni kwa kanga, njia sio ya kusukuma kigari. Sokoni nikanunua kikapu cha milulu kwa ajili ya mama mkwe.

Kipande cha mwisho ndo kilikuwa chepesi. Mafinga kuna misonobari kilomita na kilomita, magogo na mbao kila mahali, Makambako unaiacha njia ya Mbeya unashika ya Songea. Kila kijiji wa kati anauliza "kwa bibi ni hapa?" na kila kijiji tunamwambia bado kidogo. Tulifika jioni jua linazama na ukungu umeshaanza kushuka. Mlango ulipofunguliwa wa kati alishuka akahema, akaona mvuke unatoka, akashtuka, "mama natoa moshi mdomoni!" Mtoto wa Dar huyo, hajawahi kuona. Mama mkwe akatoka na shuka zito amejifunga, "Kamwene!", akawabeba wawili kwa mkupuo, babu yao akamchukua mdogo akampeleka moja kwa moja jikoni kwenye moto.

Baridi ya Njombe mwezi wa sita na wa saba sio ya mchezo, bebeni soksi, kofia za sufu na nguo za ndani za mikono mirefu. Na usiku jiko la mkaa lisilale chumbani na watoto madirisha yamefungwa, hewa yake inaua na wala haina harufu ya kukuamsha, tuliota moto jikoni tukaenda kulala na mablanketi.

Kurudi tulishuka Kitonga kwa gia ndogo bila kukalia breki, tukalala Morogoro badala ya Mikumi, vitunguu viko kwenye keria. Watu wanasema kulala njiani ni kupoteza hela. Kwa bajeti yetu tulikata nguo mpya za likizo na matembezi ya wikiendi za mwezi wa tano, hela hiyo ikalipa vyumba, na watoto walifika kwa bibi yao wana nguvu ya kumkimbilia. Desemba Mungu akijalia tunataka Lushoto, ile njia ya kupanda kutoka Mombo ni kona tupu, ndoo ya lita tano nimeshaiosha iko darini.