Waranti ya soksi

Binamu yangu katoka seli leo mchana. Ijumaa aliingia kituoni kwa miguu yake mwenyewe, kuripoti kwamba kitambulisho chake kimepotea. Afisa aliyekuwa zamu akaandika jina, akapekua daftari jingine, akanyanyua macho: "Wewe una waranti ya kukamatwa."

Ya lini? Ya enzi zile akiuza soksi kando ya barabara bila leseni. Kanjo, askari wa kaunti, walimbeba na mzigo wake, akatoa dhamana, akapewa tarehe ya kurudi kortini. Siku ilipofika alikuwa amepata kibarua cha mjengo, na fundi hangoji mtu. Miaka imepita, soksi kaziacha, kesi kaisahau. Faili haikumsahau.

Kukamatwa Ijumaa ni balaa. Ibara ya 49 ya Katiba ya Kenya inataka ufikishwe kortini ndani ya saa 24, ila saa hizo zikiisha mahakama ikiwa imefungwa, unangoja siku ya kazi inayofuata. Kwa hiyo wikendi nzima kalala sakafuni, seli moja na watu wa kesi nzito. Asubuhi hii hakimu kamtoza faini ambayo ndugu tumeichanga kabla chai haijapoa. Kibarua chake cha sasa, lakini, kimeshapata mtu mwingine.

Nimeketi na sheria jioni hii (ndiyo, mimi ni mtu wa namna hiyo). Kifungu cha 219 cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai kinasema kosa ambalo adhabu yake ya juu haizidi kifungo cha miezi sita, au faini ya shilingi 1,000, au vyote viwili, haliwezi kusikilizwa na mahakama ya chini ikiwa mashtaka hayakuletwa ndani ya miezi 12. Waungwana kabisa. Ila ukishashtakiwa, ukakosa kufika, waranti haina umri: inaishi hadi itekelezwe au korti iliyoitoa iifute. Basi mchuuzi aliyewatoroka kanjo siku ile, baada ya mwaka kosa lake la aina hiyo limekufa. Aliyekamatwa akatoa dhamana, lake linamngoja hadi uzeeni.

Najua shoka husahau, mti hausahau. Aliyeibiwa kuku miaka kumi iliyopita ana haki ya kukasirika mpaka leo. Lakini kwenye soksi, mti ni nani?

Desemba 2020 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, pale Arusha, ilitoa maoni kwamba sheria za uzururaji zinakiuka Mkataba wa Afrika, na nchi zizifute au zizirekebishe. Uchuuzi si uzururaji, ila wanaobebwa kwa makosa yote mawili ni watu wale wale.

Shangazi hakubaliani nami. Yeye ana kibanda sokoni na hulipa ada ya kaunti kila siku. "Mimi niliyelipa ni mjinga?" kaniuliza. Hoja yake ina uzito kuliko ya yule afisa. Basi binamu atozwe ada ya siku zote alizouza, na riba juu. Wenye majumba mjini hudaiwa kodi ya ardhi ya miaka na miaka, na wao kaunti huwatangazia msamaha wa riba.