Nilivyojifunza kulala chini ya gari kabla ya kulinunua

Gari la kwanza nililonunua lilikuwa linapendeza hadi tumboni. Chini palikuwa peusi tii, rangi mpya kila kona, na mimi kwa ushamba wangu nikaona huo ndio utunzaji. Miezi michache baadaye nikapata pancha. Nikaweka jeki pale pale penye alama ya kuwekea jeki, nikazungusha, na badala ya gari kupanda, jeki ndiyo iliyopanda ikazama ndani ya bodi. Mlio wake ulikuwa kama wa biskuti inayovunjwa. Chuma kilishakwisha zamani, kilichobaki ni rangi.

Kwa hiyo nilipotafuta gari la pili nilikwenda nimevaa nguo za kuchafuka. Nilibeba tochi, bisibisi butu, brashi ya waya, sumaku ndogo niliyoifunga kwenye kitambaa isikwaruze rangi, miwani ya kazi na boksi la kulalia. Mwenye gari nilishamwomba kwa simu jambo moja tu: asilioshe chini. Akacheka, akasema wateja wengine humwomba lisafishwe. Mimi nilitaka uchafu wote ubaki, maana ndio wenye habari. Pia nilikwenda na stendi za kuegeshea gari, na hapo sina mzaha: jeki ni ya kunyanyulia, si ya kumlinda mtu aliyelala chini.

Ukishaingia chini ya gari lililotembea miaka mingi, kinachokutisha kwanza ni ukahawia wa bomba la moshi. Usihangaike nalo sana. Bomba hupata joto, hupoa, hulowa, kwa hiyo kutu ya juu juu ni jambo la kawaida, na hata likitoboka hubadilishwa. Hofu yangu ilikuwa kwenye vitu visivyofunguliwa kwa spana: kingo za chini ya milango, sehemu zinazoshikilia springi na mikono ya magurudumu, na mabati ya sakafu.

Tochi sikuimulika moja kwa moja. Niliilaza sambamba na chuma, kwa sababu mwanga wa ubavuni hutoa kivuli kwenye kila uvimbe. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma ilichokila, ndiyo maana rangi huvimba kabla haijabanduka. Palipovimba niligonga kwa mpini wa bisibisi. Chuma kizima hulia, kilichooza hutoa mlio mfu, kama unagonga boksi lililolowa. Kwenye fremu inayobeba injini kulikuwa na magamba ya kutu; nikayakwangua kwa brashi, chini yake nikakuta chuma kigumu chenye vishimo vidogo. Hicho nilikiandika kama kovu, nikaendelea.

Uchafu ulinichukua muda mrefu zaidi. Nyuma ya injini kulikuwa na oili nyeusi iliyoganda na vumbi, kavu kabisa, dalili ya uvujaji wa zamani au wa polepole sana. Karibu na gurudumu la mbele kushoto grisi ilikuwa imerushwa kwa mduara upande wa ndani, na hapo huhitaji fundi akuambie: raba inayofunika maungio ya ekseli imepasuka. Kwenye mpira wa maji ya rejeta kulikuwa na ukoko wa kijani mpauko, maji yanavuja na kukaukia pale pale. Gia boksi nayo ilikuwa na unga mweupe. Nikadhani ni chumvi, kisha nikakumbuka kwamba alumini haitoi kutu nyekundu. Ikiliwa hutoa unga mweupe. Lakini alumini kuliwa hivyo ni dokezo kwamba gari limekaa penye chumvi, ama karibu na bahari ama kwenye nchi zinazomwaga chumvi barabarani wakati wa baridi. Chumvi huvuta unyevu na kuuacha ukae kwenye chuma, kwa hiyo kutu haipumziki.

Nikasogea nyuma, na hapo moyo ukapiga. Ukingo wa chini ya mlango wa kulia ulikuwa mweusi mpya, wakati upande wa kushoto ulikuwa na matope ya kawaida. Rangi ilikuwa imerukia hadi kwenye raba za bushi na kebo ya hendibreki. Anayefanya kazi ya kulinda gari hufunika vile. Anayeficha hana muda. Nikaweka sumaku, ikateleza ikaanguka. Nikaisogeza kiganja kimoja mbele, ikanasa. Pale ilipoteleza palikuwa na pati tupu, ule uji mgumu wa kuzibia mashimo ya bodi, wala si chuma.

"Ndugu yangu, hapa pana nini?"

"Hapo fundi alipaka dawa ya kuzuia kutu tu."

Nilimwomba ruhusa ya kubonyeza kwa bisibisi. Akasita, kisha akakubali. Ikazama bila nguvu yoyote.

Nilimalizia na mirija ya breki, maana nilishafika. Juu ya tangi la mafuta, mahali ambapo tope hukaa bila kuonekana, mrija mmoja ulikuwa umevimba magamba na una unyevu. Mirija hiyo kwa kawaida ina unene wa ukuta wa kama milimita 0.7, na ukikanyaga breki kwa nguvu hubeba shinikizo la zaidi ya PSI 1,000 (paundi kwa kila inchi ya mraba). Nilitoka chini, nikamwonyesha mwenyewe kwa tochi, nikamwambia asiliendeshe kabla halijashughulikiwa. Sijui kama alijua habari za ule ukingo. Za mrija hakika hakujua, uso ulimbadilika.

Gari nililochukua mwishowe lilikuwa baya kwa macho, kahawia kila mahali, halijawahi kupakwa chochote. Nililigonga lote likalia. Sumaku ilinasa kila nilipoiweka. Niliponunua niliosha chini, nikaliacha likauke siku mbili, nikapiga brashi, nikapaka praima ya kutu, kisha nikapulizia nta ndani ya zile kingo. Kabla ya nta nilizibua kwa waya matundu ya kutolea maji yaliyo chini ya milango, maana maji yakikosa pa kutokea chuma huoza kuanzia ndani. Tundu la tatu lilikuwa gumu. Lilipofunguka lilinimwagia mkononi tope zito na jani moja, bado bichi kidogo.