Mteja akikuuliza "nile nini?"

Wewe mwalimu wa mazoezi au mkandaji, kabla hujajibu swali hilo uliza kwanza: anatumia dawa gani, ana ugonjwa gani, ni mjamzito?

Anayechoma insulini ukimwambia aruke mlo bila daktari kurekebisha dozi, sukari inaweza kushuka chini ya 70 mg/dL: jasho, kutetemeka, hata kuzimia. Anayemeza warfarin, dawa ya kuzuia damu kuganda, akianza ghafla kunywa juisi ya mboga za majani kila siku, vitamini K inapunguza nguvu ya dawa na damu inaweza kuganda. Na zile chumvi "za afya", nyingine zimewekewa potasiamu. Figo ikiwa mbovu, potasiamu hujaa kwenye damu na kuvuruga mapigo ya moyo.

Ya jumla sema bila woga. Shirika la Afya Duniani linashauri chumvi chini ya gramu 5 kwa siku, matunda na mboga angalau gramu 400. Kupanga mlo wa kutibu ugonjwa mwachie mtaalamu wa lishe. Habari za "kutoa sumu mwilini" achana nazo, ini na figo tayari vinafanya kazi hiyo.

Mteja akikonda haraka huku anakwepa kula mbele za watu, usimpongeze, huenda ana tatizo la ulaji. Acha kumpima uzito, mwelekeze hospitali.