Tintin au Congo, 1931 na 1946: hatimaye visanduku vimelingana

Jedwali langu la kulinganisha matoleo mawili ya Tintin au Congo (Tintin Kongo), kitabu cha katuni cha Mbelgiji Hergé kuhusu safari ya mwandishi wa habari Tintin, limekubali. Toleo la 1931, la rangi nyeusi na nyeupe, lina kurasa 110, ilhali lile la rangi la 1946 lina 62 tu, na Hergé hakulifupisha kwa kunyofoa kurasa, bali alichora kila kitu upya na kubana visanduku (picha mojamoja za katuni) vingi zaidi katika kila ukurasa, hivyo kwamba namba ya ukurasa haimsaidii chochote mtu anayetaka kulinganisha. Kutandaza picha moja juu ya nyingine katika GIMP, programu ya kuhariri picha, nako hakukufua dafu, kwa sababu mkono uliorudia kazi ulikuwa umekwisha kukomaa na hakuna mstari uliobaki mahali pake. Programu zinazojigamba kuoanisha picha zenyewe zinafaa kwa nakala mbili za mchoro mmoja. Hapa zilioanisha kofia na kofia bila kujali imevaliwa na nani.

Dawa imekuwa kuachana na kurasa na kufuata matendo: kila kisanduku kinapewa alama ya tendo na ya msemaji, kisha mafungu yanapangwa sambamba. Yalipokaa sawa, darasa la misheni lilijitokeza lenyewe. Mwaka 1931 Tintin anawatangazia wanafunzi Wakongo kwamba atawazungumzia nchi yao, Ubelgiji. Mwaka 1946 mwalimu ni yuleyule, lakini somo ni hesabu ya mbili kujumlisha mbili, na chui anaingia darasani kama kawaida.

Rangi, ambazo zilikuwa hatua inayofuata, nimeziweka kando, maana yaliyoachwa bila kuguswa yamenivutia kuliko yaliyobadilishwa. Ubelgiji ulifutwa ubaoni, lakini rundo la swala ambao Tintin anawapiga risasi akidhani ni mmoja lilibaki, na vivyo hivyo midomo minene waliyochorewa Wakongo na Kifaransa kilichovunjikavunjika wanachosemeshwa. Kifaru anayetobolewa mgongoni na kulipuliwa kwa baruti aliponea 1975, baada ya wachapishaji wa Skandinavia kulalamika, na ukurasa wake ukachorwa upya ili aondoke mzima. Sioni namna ya kuyatazama yaliyobadilishwa na yaliyoachwa bega kwa bega bila kuudhika.

Kwa hiyo jedwali limeongezwa safu ya tatu, ya 1975, ambayo mpaka sasa haina kitu ila ukurasa wa kifaru.