Leo mwezi ngapi? Siku nane Unguja na watoto

Wengi wanaopanga likizo ya Unguja huanza na hoteli. Sisi tulianza na kalenda ya Kiislamu iliyotundikwa jikoni. Tulikuwa sita: watu wazima wawili, bibi mmoja na watoto watatu, mkubwa miaka 12, wa kati 8, mdogo 4. Tulikuwa tunakwenda Jambiani, pwani ya mashariki, ambako bahari huondoka na kurudi mara mbili kwa siku, na ikiondoka inaondoka kweli. Kule mwezi ndio unaoamua nani aogelee saa ngapi, ngalawa itoke lini na hata chakula cha mchana kiliwe saa ngapi. Mgeni asiyejua hilo hufika saa nne asubuhi na taulo begani, akakuta maji yako kule kwenye mwamba, zaidi ya kilomita moja, na mbele yake kuna matope, mchanga na nyasi. Anadhani ametapeliwa.

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Mwezi mwandamo na mwezi mpevu huleta bamvua, yaani maji makubwa. Katikati yake, mwezi 7 au 8, yaani siku ya 7 au ya 8 ya mwezi wa Kiislamu, na tena 22 au 23, ni maji mafu. Siku za bamvua tofauti ya maji kujaa na kupwa Unguja hukaribia mita 4. Siku za maji mafu inaweza kushuka hadi kama mita 1. Saa nazo zina utaratibu wake. Bamvua hujaa mnamo saa kumi, alfajiri na jioni, na hukupwa mnamo saa nne, asubuhi na usiku. Kila siku inayofuata, saa hizo husogea mbele kwa dakika kama 50, hivyo baada ya wiki moja mambo yamegeuka: maji mafu yanajaa saa nne asubuhi na kupwa saa kumi jioni. Ukijua leo mwezi ngapi, umeijua bahari hata kama simu haina chaji.

Kwa hiyo tulichagua kuvuka mwezi 13, siku mbili za mjini, kisha siku sita za shamba, yaani nje ya mji, tuanze na bamvua na kumaliza karibu na maji mafu. Ilikuwa Juni, likizo ya shule, na Juni maana yake ni kusi, upepo wa kusini.

Boti kutoka Dar es Salaam huchukua kama saa mbili. Kila mtu anahitaji kitambulisho wakati wa kukata tiketi. Kwa watoto tulibeba vyeti vya kuzaliwa, na nakala tuliziweka kwenye begi jingine. Mizigo mikubwa hukabidhiwa na hupewa kibandiko, na kipande chake unabaki nacho wewe. Usikitie kwenye begi hilo hilo unalolikabidhi. Huo ni upuuzi unaofanywa na watu wenye akili zao kila siku.

Kuhusu kichefuchefu: kusi huvuma kutoka kusini na Unguja iko kaskazini ya Dar es Salaam, hivyo kwenda, upepo unakuwa nyuma na boti inayumba ubavu kwa ubavu, kurudi, inapanda mawimbi uso kwa uso, na hapo ndipo watu hutapika. Wakati wa kaskazi, Desemba hadi Machi, ni kinyume chake. Pa kukaa ni sakafu ya chini, katikati kuelekea nyuma. Mbele ya boti hupanda na kushuka kama bembea, juu huyumba zaidi. Watoto walikula mkate mkavu na chai ya tangawizi saa moja kabla ya kupanda. Maziwa, chipsi na soda vilisubiri ng'ambo. Mdogo tulimwambia aangalie mstari wa upeo wa bahari, asiangalie simu. Dawa ya kichefuchefu humezwa kabla ya safari. Ukishaanza kutapika, kidonge kinatoka pamoja na chai.

Mjini tulilala siku mbili kwa sababu moja tu: siku hizo maji yalikuwa yanajaa alasiri, na maji yakijaa Forodhani, bustani iliyo kando ya bahari, vijana huruka kutoka ukingoni mbele ya umati. Ukienda saa nne asubuhi huoni kitu. Usiku pale pale panakuwa soko la chakula. Kanuni yetu ilikuwa kula kinachopikwa mbele ya macho yetu: urojo, mishikaki inayotoka motoni, juisi ya miwa inayokamuliwa hapo hapo. Mishikaki ya samaki iliyopangwa mezani na kupashwa moto tu tuliiacha, hasa kwa ajili ya mdogo. Na bei huulizwa kabla ya sahani kujaa, kwa upole, baada ya salamu. Mji Mkongwe wenyewe, ulioingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000, hutembewa alfajiri au baada ya alasiri. Adhuhuri vichochoro vina kivuli lakini havina hewa, na mtoto wa miaka 4 huchoka kabla hajafika soko la Darajani.

Kwenda Jambiani kuna daladala namba 309. Ni rahisi, ila mizigo hupanda juu ya paa, na safari ya kama kilomita 55 inaweza kula saa mbili. Watu sita na mabegi matano, tukakodi noah. Njiani ni Jozani, hifadhi ya taifa ya Jozani na Ghuba ya Chwaka tangu 2004, makazi ya kima punju, ambaye hapatikani porini popote duniani isipokuwa Zanzibar. Wanakaa karibu mno na watu, na hapo ndipo tatizo lilipo, kwa sababu mafua ya mtoto yanaweza kuwa maradhi ya kima. Tulikaa mbali nao hatua nne au tano na hatukuwapa chochote. Watoto walishangaa kusikia kwamba kima hawa hula makaa ya kuni. Majani ya mikungu na miembe wanayokula yana kemikali inayochafua tumbo, na makaa huifyonza. Barabarani pale kuna matuta, yaliwekwa kwa sababu magari yalikuwa yakiwaua. Njia ya mbao ndani ya mikoko nayo inafuata mwezi: maji yakijaa unaona samaki wakipita kati ya mizizi, yakipwa unaona kaa na tope.

Asubuhi ya kwanza Jambiani ilikuwa bamvua, na saa nne bahari haikuwepo. Bibi akamwuliza mzee mmoja aliyekuwa akitengeneza nyavu.

"Shehe, maji yanarudi saa ngapi?"

"Leo mwezi kumi na tano, bi mkubwa. Saa nane utayaona hapa, saa kumi yamejaa."

Ndivyo ilivyokuwa.

Lakini siku hizo mbaya za kuogelea ndizo siku za kazi ya pwani. Kinamama wa mwani hushuka maji yakikupwa sana, kwa sababu hapo ndipo mashamba yao hufikika kwa miguu. Shamba ni vigingi vilivyopigwa mchangani na kamba zilizofungwa kati yake. Kwenye kamba kuna vipande vidogo vya kamba laini, waviitavyo taitai, na kila kimoja kimeshika tawi la mwani. Baada ya wiki kama sita tawi limekuwa fungu, huvunwa, na kipande hubakizwa kuwa mbegu. Aina za mwani ni mbili: spinosum huvumilia, kottonii, yenye bei nzuri zaidi, hufa maji yanapopata joto kupita kiasi, na hilo limewafanya wengi waiache. Unaloweza kufanya na mtoto hapo ni kusalimia kwanza, kuomba ruhusa ya kutazama, kupita pembeni mwa kamba, na kutopiga picha bila kuuliza. Mguu mmoja wa mgeni unaweza kung'oa kazi ya mwezi mzima.

Kutembea kwenda kwenye mwamba ni jambo zuri na ni jambo la hatari, na hatari yake haionekani. Maji hayajai kwa mwendo mmoja. Gawa safari ya kujaa mafungu 12: saa ya kwanza hupanda fungu 1, ya pili 2, ya tatu 3, ya nne 3, ya tano 2, ya sita 1. Bamvua ikiwa ya mita 3.6, kila fungu ni sentimita 30, maana yake katika saa ya tatu peke yake maji yamepanda sentimita 90, shingoni mwa mtoto. Tena hayaji kutoka mbele. Hupitia milango ya mwamba na kujaza kwanza mabonde yaliyo nyuma yako, kati yako na ufukwe. Kwa hiyo tulitoka saa moja na nusu kabla ya maji kukupwa kabisa, na tulipofika saa ya kukupwa tuligeuka, hata kama mtoto wa kati alikuwa ameona nyota ya bahari hatua kumi mbele.

Miguuni, yeboyebo zenye mkanda wa nyuma. Kandambili hunaswa na tope na kubaki huko. Tunaogopa wale viumbe wa baharini weusi, wa mviringo, wenye miiba mirefu kama sindano (kwa Kiingereza, sea urchins). Mwiba wao hukatika ndani ya nyama, na kuuchokonoa kwa sindano huongeza vipande. Loweka mguu kwenye maji ya moto ya kuvumilika, dakika 30 au zaidi. Huyo anayelowekwa asiwe ndiye anayepima joto peke yake, mguu wenye maumivu hudanganya. Wenyeji hupaka utomvu wa papai bichi. Mwiba ukiwa kwenye kiungo, au mguu ukivimba, ni hospitali.

Mnamo saa sita wavuvi wa pweza hurudi, na hapo ndipo pa kununua. Kilo moja na nusu ilitutosha sote. Hupigwa sana kwenye jiwe, husafishwa, kisha hutiwa sufuriani bila tone la maji, kwa sababu hutoa yake mwenyewe. Moto mdogo, dakika 40 hivi, chumvi isitiwe mapema. Akilainika unatia kitunguu, bizari, tui jepesi, na mwisho tui zito la nazi moja. Baada ya tui zito usifunike na usiache kukoroga, litakatika. Ndimu hutiwa sufuria ikishaepuliwa.

Ngalawa tuliipanda mwezi 18, maji yakianza kujaa. Gogo la mwembe lililochongwa, mirengu miwili ya kuizuia isipinduke, tanga moja, pondo la kusukumia penye maji mafupi, na upo wa kukumbia maji, kwa sababu ngalawa zote huvuja kidogo. Kusi ikivuma hakuna haja ya kutoka nje ya mwamba na watoto, ndani panatosha. Jaketi okozi tulizijaribu mchangani: mvae mtoto, funga mikanda yote, mnyanyue kwa mabega ya jaketi. Likipanda hadi masikioni, ni kubwa, omba jingine au mtoto abaki. Mdogo wetu alibaki. Miwani ya kuogelea nayo ina kipimo chake: iweke usoni bila kamba, vuta pumzi kwa pua, ikishika yenyewe inafaa. Inayovuja mara nyingi imebana nywele. Mate kidogo ndani ya kioo huzuia ukungu. Mgongo ufunikwe kwa fulana, kwani mtoto anayeelea kifudifudi kwa saa nzima haungui mahali pengine.

Joto la Juni hudanganya kwa sababu ya upepo. Mtoto hakauki midomo wala halalamiki, ila akikojoa mkojo ni wa manjano iliyoiva. Tulikuwa na madafu, na kwa aliyeharisha, lita 1 ya maji salama, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vijiko vilivyosawazishwa. Maji ya bombani katika nyumba nyingi za ufukweni yana chumvi. Sabuni haitoi povu na chai huharibika. Jioni sweta zilihitajika. Huko huoni jua likizama baharini, mashariki ni mashariki. Anayelitaka aende Michamvi Kae, upande wa ghuba.

Paje, kaskazini kidogo, upepo huo huo huleta watu wanaoteleza juu ya maji wakivutwa na tiara kubwa. Kamba zake ni nyembamba na hukaza ghafla, kwa hiyo hatukuogelea wala kujenga majumba ya mchanga upande ule.

Siku mbili za mwisho, mwezi 19 na 20, maji yalishaanza kulegea. Mnamo saa moja na nusu au saa mbili asubuhi yalikuwa yamejaa na yaliondoka polepole, watoto wakaogelea hadi saa tatu, kitu ambacho siku ya kwanza kisingewezekana. Nikipanga tena kwa watoto wanaotaka maji tu, nitafika mwezi 20 na kuondoka 25, au niende Kendwa, kaskazini mwa Unguja, ambako pwani ina kina na unaogelea saa yoyote. Wakose mwani, wakose pweza, hiyo ni bei yake.

Kurudi tulipanda boti ya asubuhi, kabla kusi haijapata nguvu ya mchana. Sakafu ya chini, nyuma, bibi karibu na mlango. Chai ya tangawizi ilikuwa kwenye chupa.